Mkate wa Asubuhi, Gouyave

"Naomba mikate miwili," nikasema, na duka zima likanigeukia.

Mikono ya Merle, mwenye duka, iliyojaa unga hadi viwikoni, ikatulia juu ya kaunta. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walinitazama viatu kwanza, kisha uso.

Hapa Gouyave, mji wetu mdogo wa kisiwani, huingii penye watu bila kuwasabahi, hata kama nyumba yako inaungua. Nilijua hivyo kabla sijajua kusoma. Merle mwenyewe, aliyenisimamia ubatizo, ndiye aliyenifunza kwa kunifinya sikio. Mara ya mwisho aliniona nikiwa msichana wa nywele za mabutu, na leo nilikuja nimshtukize.

Hoteli za ufukweni nilizikataa mimi. "Hizo ni za wageni," nilimringia mume wangu tangu London. "Sisi tutapanga chumba mjini kwetu, tuishi na watu."

Sasa yeye, Mwingereza wa watu, aliinama asigonge kichwa mlangoni, akavua kofia. "Habari za asubuhi, jamani!"

"Njema, mwanangu!" wakaitikia wote.

Merle akatabasamu. "Huyu kafunzwa kwao. Sogea, baba, mkate ungali moto. Na huyu mwenzio katoka wapi, asiyejua salamu?"

"Huyu? Mtoto wa hapahapa!" mume wangu akacheka kwa fahari. "Mama yake ni..."

Nikamkamata mkono, nikambana.

"Anatania," nikasema. "Mimi ni mgeni."