Tarumbeta la Ngwali

Ngwali aliingizwa kwenye bendi ya mji kwa sababu koti la marehemu mpiga tarumbeta lilimkaa yeye tu. Kiongozi wa bendi alimwonya, "Jaza mashavu, lakini usipulize." Kila Ijumaa jioni, bustanini, Ngwali alijaza mashavu, na watu wakamsifu.

Ijumaa moja alikuja Bi Mwanakombo, shangazi wa Zuwena, binti ambaye Ngwali alitaka kumwoa, kumtazama kijana huyo kabla ya kuipokea posa yake. Akakaa kiti cha mbele. Muziki ulipopamba moto, kiongozi alirusha fimbo yake juu kwa mbwembwe, ikapiga nyuki waliojenga mtini. Bendi nzima ikaruka ukuta, wasikilizaji wakatawanyika.

Ngwali naye alikuwa mbioni alipogeuka na kumwona Bi Mwanakombo bado kitini, magoti yamemgomea. Akarudi, akavua koti, akamfunika gubigubi.

"Wapulizie waondoke!" bibi akapiga kelele humo ndani.

Ngwali akapuliza kwa mara ya kwanza maishani. Ikatoka sauti kama ya ng'ombe anayezaa. Nyuki wakapaa juu kidogo.

Bi Mwanakombo akachungulia. "Ndivyo upigavyo siku zote?"

Ngwali akashusha tarumbeta. "Siku zote sipigi, shangazi. Najaza mashavu tu."

Bibi akacheka mpaka kiti kikalia. "Muziki hujui. Kukimbia pia hujui. Haya, Zuwena ni wako. Piga tena."

Ngwali, mdomo umeshaanza kuvimba, akapiga tena. Juu ya ukuta vilichomoza vichwa vya wanabendi. Hakuna aliyethubutu kushuka, wala haikujulikana kama wanaogopa nyuki au tarumbeta.