Miguu ya Herufi M

Kabla ya alfajiri nilisikia vitufe vikibonyezwa polepole sebuleni, kama mtu anayeogopa kuniamsha. Mjukuu wangu Debra alikuwa bado anatengeneza kompyuta ya kikundi chetu cha akina mama wauza omena wa Dunga.

Jana nilimkemea mbele yao wote. "Hii programu yako ya bure imeharibu maandishi! Herufi zina manyoya. Mimi katibu nitasomaje?"

"Dani, kuja uone," aliniita, kama sisi Wajaluo tunavyomwita bibi. Skrini ilikuwa na mistari miwili. "Mmoja nimeukaza, miguu ya herufi ikanyage vidoti vya skrini sawasawa. Mwingine nimeuacha laini vile ulikuwa jana. Gani iko wazi?"

Niliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Miguu mitatu ya m ilikuwa ukungu mtupu, mstari wa juu na wa chini vilevile.

"Ya chini," nilisema haraka.

"Hiyo ndiyo ya jana, Dani."

Hakucheka. Alikuza herufi mpaka nikaziona, kisha akasema taratibu, "Nitawaambia akina mama programu ndiyo ilikosea."

Uso uliniwaka. Nilimshika mkono.

"Usiwaambie hivyo, nyakwara, mjukuu wangu. Rudi Jumapili unitembelee, kikundi kikikutana niwaambie mwenyewe kwamba ni macho yangu, ukiwa umeketi hapo."