Amechelewa Tu

Babu Terry alikuwa amefunga tai juu ya pajama, na hakuna aliyeweza kumtoa kitini.

Wahudumu wawili wa ambulensi walisimama kando ya dirisha la fleti yake, Thamesmead, London, na machela yao tayari. Walishasema yote. Moyo umechoka, asipofika hospitali leo kesho hataiona. Lakini akili zake ni timamu, na mwenye akili timamu akikataa habebwi kwa nguvu. Basi wakamgeukia Sesilia, anayekuja kila siku kumwogesha na kumlisha. Zungumza naye wewe, wakamwambia. Jamani, azungumze nini ambacho hajakizungumza tangu asubuhi?

"Haika akija," alisema mzee, "akute mlango umefungwa?"

Huyo Haika, Sesilia alimfahamu kama watu wengi walivyomfahamu, kwa wimbo. Zamani, Terry akiwa na nywele mabegani na gitaa la umeme kifuani, alitoa wimbo mmoja wa roki ambao hadi leo haukauki redioni. Kiitikio chake ukikitia Kiswahili kinasema: amechelewa tu, atakuja. Watu wanaucheza harusini, wanarukaruka mpaka viatu vinawatoka. Sesilia hakuupenda. Kila kikifika kile kiitikio machozi yalimlenga, akajisemea ni upweke wa ughaibuni tu.

Haika alikuwa binti wa Machame, kwao Sesilia huko huko, aliyekuja London kusomea uuguzi. Terry akamchumbia. Binti akaenda nyumbani kuomba baraka za wazazi, akaahidi kurudi kabla ya Pasaka. Ndege ikaja, yeye hakuja. Terry akaandika barua, hazikujibiwa. Akatunga wimbo, ukampa jina na nyumba na wanawake, na hakuoa.

Sesilia akapiga magoti mbele ya kiti. Kazini walishamkataza kuwaita wateja babu, lakini ulimi wake haukubali kumwita mzee kwa jina kavu.

"Babu, huyo mwanamke alikuacha. Aliolewa huko huko, sasa ana wajukuu. Twende hospitali, nakuomba."

Alisema kwa ukali, ukali wa mtu aliyeishiwa. Aliyasema kwa kubuni tu, akijua anamuumiza, na alitamani mzee akasirike, maana mwenye hasira angalau husimama.

Mzee hakukasirika. Alimweleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba asingeweza kuachwa hivyo. Pasaka ile ilipopita alipiga simu mwenyewe mpaka kwao, ofisi ya usharika kanisani, kwenye simu pekee ya pale. Akaitiwa baba mtu, mwalimu wa shule ya misheni, Kiingereza chake kimenyooka kama rula. Laini ilikwaruza, lakini nyuma ya yule baba alisikia wanawake wengi wanaimba, sauti zimepangika. Moyo ukatulia. Akajua posa imekubaliwa, kanisani wanafanya mazoezi ya harusi yake. Ule wimbo wao ndio alioutia gitaa ukawa kiitikio.

"Waliimba hivi," akasema. Akauimba polepole, bila ngoma, bila gitaa.

Sesilia akautambua. Wimbo ule aliuimba yeye mwenyewe, wakimshusha mama yake kaburini; kwao hauimbwi ila mazikoni. Alitaka kumziba mzee mdomo, alitaka kukimbia, na hakufanya lolote. Mhudumu mmoja akatazama saa yake.

"Na baba yake," akauliza Sesilia, "alikwambia nini hasa?"

Babu Terry akainyoosha tai yake, akatabasamu.

"Mkwe wangu alikuwa muungwana, hakunizungusha. Nilimuuliza Haika yuko wapi, naye akanijibu kwa Kiingereza safi kabisa: *Haika is late.*"