Kuku wa Kuomba Radhi

Aroni aliwekewa kuku mikononi.

Alikuwa tetea mweusi, miguu imefungwa kamba ya katani, joto lake likimwingia viganjani.

"Pokea, mwanangu," alisema kutoka kitandani yule mama aliyegongwa na lori la Aroni wiki iliyopita. Mguu wake ulikuwa kwenye plasta hadi pajani. "Kwetu Kilolo mkosaji haombi radhi mikono mitupu. Nilivuka pasipo zebra, nikakuvunjia na taa ya gari."

Maneno hayo ya zebra alilishwa na Aroni mwenyewe, palepale barabarani Mafinga, mama wa watu angali chini: "Umevuka pasipo zebra, mama! Sheria haikutambui!"

Naye akaamini.

Asubuhi hiyo wakili alikuwa amemweleza Aroni mengine kabisa. Hata aliyevukia pabaya anaweza kudai fidia, ikiwa dereva naye hakuwa makini.

"Wewe ulikuwa makini?"

"Sana," Aroni alijibu.

Uongo mtupu. Macho yake yalikuwa kwenye simu, anasoma ujumbe na kucheka peke yake, mpaka aliposikia kishindo.

Sasa akaanza kusema. "Mama, siku ile mimi..."

Simu ikaita mfukoni mwake. Kuku akashtuka, akapigapiga mbawa.

Mama akajiinua kwa shida, akanyoosha mikono yote miwili.

"Lete nikushikie, baba," alisema kwa upole. "Pokea kwanza simu yako. Huenda ni jambo la maana."