Wa Kutangulia Kuruka

Farasi alisimama ghafla mbele ya gogo kwa mara nyingine, na Bwana Kheri, mwenye mali, akapepesuka juu ya tandiko nusura aanguke.

"Mwatumu, huyu umemfundisha nini muda wote huo? Kesho anakwenda machimboni, akavute mkokoteni wa mawe!"

Mwatumu, mkufunzi wake, aliegemea magongo, mguu wake uliovunjika ukiwa kwenye plasta. Kosa alilijua. Tangu farasi huyu akiwa mdogo, kila palipokuwa na gogo au mtaro, yeye ndiye aliyetangulia kuruka kwa miguu yake mwenyewe, farasi akamfuata. Alijiambia ataiacha desturi hiyo farasi akikomaa. Hakuiacha.

"Mjaribu tena, Bwana. Mara moja tu, nakusihi."

"Ya mwisho hii."

Farasi wala hakulitazama gogo. Alimtazama Mwatumu, masikio yamesimama, akingoja.

Mwatumu akayaachia magongo yaanguke nyasini. Akaanza kurukaruka kwa mguu mmoja kuliendea gogo, meno ameyauma kwa maumivu, na nyuma yake akasikia kwato zikishika mbio.