Jiwe la Bibi Harusi

Siku hizi bibi harusi haingii kwa mumewe bila jiwe kutoka tangi la bahari la mama yake. Kila nyumba hulea kipande chake cha mwamba wa matumbawe. Kiumbe asiyejulikana akionekana, lazima aripotiwe, na wakaguzi huja kumwaga dawa hadi tangi zima life.

Jiwe langu lilikuja na mgeni. Alichomoza tunduni, mweupe, ana vidole kama mkono wa mtoto mchanga. Kioo cha kutambua viumbe kikasema, "Hajulikani."

Sikuripoti. Nilikaa nikamtazama. Alikuwa anakula ule mwani wa utelezi unaoua matumbawe ya mtaa mzima, na yangu yakazidi kunawiri.

Nikampigia mama simu.

"Mama, jiwe lako lina mdudu?"

Akashusha sauti. "Kashatoka? Usimwambie mtu. Mimi nilipewa na bibi yako hivyo hivyo."

Kumbe mama mkwe, Bi Mwanakheri, alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Akaja akainamia tangi.

"Ndiyo maana! Mimi nasugua mwani kutwa kwenye tangi langu na lako linanawiri, nikadhani umeniroga."

"Utaniripoti, mama?"

"Ili iweje, mwanangu? Hebu nimegee kipande."

Nikalitoa jiwe. Lilikuwa jepesi ajabu. Nilipoligonga kwa mchi likapasuka kama ganda la yai. Ndani hamkuwa na jiwe tena. Mlikuwa na vyumba vidogo vidogo, na katika kila chumba mkono mweupe umekunja ngumi.

Bi Mwanakheri alitazama, kisha akachukua bakuli akaninyooshea.

"Nipe wawili," alisema.