Vyombo vya Watu

Kasiva aliigeuza sufuria akaangalia kitako chake. Nukta mbili za rangi ya kucha, nyekundu. Hiyo ya Selpher. Yenye msalaba wa buluu ni ya kina Mbithi. Kwenye ploti yao hapo Lucky Summer kila nyumba ilitia alama yake, ili chombo kikiazimwa matangani kijue njia ya kurudi.

Safari hii hapakuwa na matanga. Ilikuwa Krismasi ya Mama Jacklyne, mjane wa karani wa reli, mkazi wa siku nyingi kuliko wapangaji wote. Watoto wake wanakuja, alisema, na wakwe, na wajukuu. Akapita mlango kwa mlango akiazima. Hata kwa Kasiva aliichukua ile sufuria kubwa, iliyokaa bila kazi tangu kiwanda kule Baba Dogo kifungwe na mumewe Muoki arudishwe nyumbani, yeye na karibu wanaume wote wa ploti. Mwaka huu hakuna aliyesafiri kwenda mashambani. Nauli itoke wapi?

"Mama Kyalo, niazime na mikono," Mama Jacklyne alimwambia. "Nataka kupika mapema, tulaze kwa friza. Siku yenyewe ni kupasha tu."

Kasiva alikubali upesi. Hakusema alichotaka. Alichotaka ni ukoko, na kile kinachobaki wageni wakishashiba. Mwanawe Kyalo alikuwa amemuuliza watakula nini Krismasi, naye ulimi ukateleza: nyama. Kumwahidi mtoto nyama si mchezo. Mtoto hasahau.

Basi wakapika. Kasiva alimenya viazi mpaka vidole vikakunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa. Viazi tabaka, nyama ya kusaga tabaka, karoti na minji, viazi tena juu. Mfuniko, kisha makaa juu ya mfuniko na makaa chini, mpaka juu pakawa pa dhahabu. Chakula kikipoa, kinafungwa na kubebwa hadi dukani kwa Abdiqadir, aliyesukuma maziwa yake pembeni ya friza ili vyombo vipate nafasi.

"Mama, hawa ni wageni ama ni jeshi?" Abdiqadir aliuliza.

Mama Jacklyne alicheka kidogo tu. Miguu ilikuwa imemvimba. Alirudi akaketi juu ya mtungi wa plastiki uliofunikwa gunia, akawa anauliza maswali ya mtu aliyechoka, moja baada ya jingine. Watoto wa siku hizi wanakula pilipili kweli? Wa Selpher, kwa mfano? Kasiva akamwambia wale wakionja pilipili wanalia. Mama akairudisha pilipili kwenye kikapu.

Kesho yake akaloweka muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, chakula cha kwao Kasiva Ukambani.

"Nani kwenu anakula muthokoi, Mama?" Kasiva aliuliza, maana mama alikuwa Mluo wa Siaya.

"Nina mkwe Mkamba. Koroga, inashika chini."

Selpher alipita na ndoo ya maji, pua juu. Huyu ndiye aliyewafungia mlango watu wa kanisa walipoleta unga na kutaka kila mama asimame na pakiti apigwe picha. Alisema afadhali njaa, njaa haina kamera. Baada yake milango yote ikafungwa. Sasa alisimama kidogo kwenye ngazi.

"Wengine Krismasi yao inanukia mpaka juu," alisema. "Sisi tutakula harufu, si ni bure?"

Mama Jacklyne alionja muthokoi. Aliomba apewe chumvi.

Siku ya Krismasi walipasha kila kitu. Mama akavaa gauni la kanisani, akakaa karibu na geti, simu mapajani. Watu wakapita wakijifanya hawaoni. Jua likavuka utosi. Kyalo alichungulia mara moja, Kasiva akamfukuza kwa macho.

Hatimaye mama aliingia ndani, akavua viatu.

"Hawaji," alisema. "Gari limewaharibikia Nakuru."

Kasiva aliviweka viatu vile kando. Aliona aibu, kwa sababu wa kwanza kumjia akilini alikuwa Kyalo, si huyu mzee.

"Hiki chakula kimeshapashwa, hakirudi friza. Na vyombo ni vya watu," mama alisema, akijisugua kifundo cha mguu. "Virudishe, mwanangu. Lakini wewe unajua, chombo cha mtu hakirudi kitupu."

Kasiva akabeba, akiangalia vitako. Kwa kina Mbithi walipokea na kushukuru. Selpher alifunua mfuniko, akautazama mvuke, akamtazama Kasiva usoni kutafuta kama kuna dharau. Hakuiona.

"Maskini mama wa watu," alisema. "Wanawe wamemwangusha. Mwambie tutamsaidia kumaliza." Akaipokea kwa mikono miwili.

Mwishowe ikabaki sufuria ya Kasiva mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na muthokoi na nyama, imejaa mpaka ukingoni. Kyalo alikula akalamba vidole. Muoki naye.

Aliporudi kuosha masinia, korido nzima ilikuwa inatafuna. Mama Jacklyne alikuwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi, gauni la kanisani limejaa majivu. Simu ikaanza kutetemeka mezani, jina la bintiye kiooni: Jacklyne. Kasiva aliipokea haraka asije akaamka, akanong'ona kwamba mama amepumzika, na poleni sana na gari.

"Gari gani?" Jacklyne aliuliza. Nyuma yake sahani zililia na watoto walicheka. "Sisi tuko kwa kina mume wangu tangu juzi. Mama alitukataza sote kuja, alisema mwaka huu nyumba itajaa wageni. Walifika?"